Miwani tatu za kuvulia, kutoka Kunduchi hadi Fungu Kizimkazi

Nianze na jibu, maana wengi wanalotaka ni hilo tu. Kwa uvuvi wetu wa mwambani, kuanzia Kunduchi kupanda Mbweni mpaka Bagamoyo, nunua miwani ya polaraizi, yaani inayoua mng'ao wa maji, yenye lenzi ya rangi ya shaba au kahawia, lenzi ya plastiki ngumu, fremu inayozunguka uso hadi pembeni, na usitoe zaidi ya laki moja na nusu. Jina lililoandikwa kwenye mkono wa miwani lije mwisho kabisa. Wanaokwenda bahari kuu wana hesabu nyingine, nitaifikia.

Mimi ni fundi wa injini za boti, kazi yangu iko ufukweni Kunduchi. Siku ambayo sina injini iliyofunguliwa mezani, niko majini na mshipi au fimbo. Umri umeshavuka hamsini, na nalitaja hilo kwa sababu macho ya mtu wa hamsini yana madai yake ambayo matangazo ya miwani hayayagusi. Nimevaa miwani tatu za polaraizi kwa zamu: ya Kariakoo ya elfu ishirini na tano, ya duka la miwani mjini ya laki na elfu arobaini, na ya kampuni ya Costa, ya lenzi ya kioo, ambayo shemeji aliniletea kutoka Marekani, bei yake huko ni zaidi ya dola 200. Zote tatu zinaua mng'ao wa maji. Hapo hazikutofautiana sana, na hilo ndilo wauzaji wa miwani ghali wasilopenda kulisema.

Kazi yenyewe ni hii. Jua likipiga maji, sehemu ya mwanga hurushwa juu, na mwanga huo huja umelala, yaani unatikisika sambamba na uso wa bahari. Lenzi ya polaraizi hupitisha mwanga unaotikisika wima na kuuzuia ule uliolala. Ni kama kupitisha rula kwenye nondo za dirisha: ikisimama inapita, ikilala inagoma. Kinachobaki kufika jichoni ni mwanga uliotoka chini ya maji, na huo ndio unaobeba picha ya mchanga, majani, mwamba na samaki.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kusikia muuzaji akilieleza. Mwanga unaoruka majini haulali sawasawa kila upande. Unalala barabara ukiutazama kwa pembe moja, kama nyuzi 37 kutoka usawa wa maji. Pembe hiyo ilipigiwa hesabu na Mskoti David Brewster mwaka 1815. Kwa mvuvi maana yake ni umbali. Ukisimama botini, macho yakiwa mita mbili na nusu juu ya maji, mahali miwani inapofanya kazi kuliko pote ni mita tatu na kitu mbele yako. Panda kwenye sitaha ya omo, macho yafike mita tatu na nusu, eneo hilo linasogea hadi karibu mita tano. Aliyekaa ndani ya ngalawa, macho mita moja tu juu ya maji, anasafishiwa maji ya karibu sana, mita moja na theluthi hivi. Ukiinamia ubavuni ukatazama chini moja kwa moja, miwani ya laki saba na ile ya elfu tano zinakuwa kitu kimoja. Ukitazama mbali kuelekea upeo wa macho, nguvu yake inapungua tena. Kwa hiyo kabla hujamlaumu aliyekuuzia, simama. Kuna watu wamerudisha miwani nzuri dukani kwa sababu walivua wamekaa.

Ya Kariakoo niliinunua kwa kijana mwenye meza karibu na Mtaa wa Kongo. "Shikamoo mzee wangu, karibu, hizi polaraizi orijino," akatoa ile kadi yao, picha inayoonekana tupu mpaka uvae miwani, kisha samaki anajitokeza. Kadi haidanganyi, lakini huwa ni kadi moja na miwani moja ya maonyesho, na utakayoondoka nayo si lazima iwe ndiyo hiyo. Nikamwomba kikokotoo chake cha kupigia hesabu, kile chenye kioo cha kijivu na tarakimu nyeusi. Nikaandika nane tupu mpaka zikajaa, nikavaa miwani, nikakizungusha taratibu juu ya meza. Kilipofika kwenye pembe yake kioo chote kikawa giza na nane zote zikamezwa. Nikaendelea kukizungusha, zikarudi. Nikachukua miwani nyingine kwenye trei ile ile, yenye stika ile ile ya polaraizi, nikafanya vilevile. Nane zikakaa palepale, hazikutikisika. Kijana akaitazama ile miwani, akanitazama mimi, akaitoa kwenye trei akaiweka chini ya meza. Bei ikashuka kutoka elfu arobaini hadi ishirini na tano bila mimi kusema neno.

Fanya hivyo popote unaponunua. Kikokotoo kipo kwenye kila meza ya Kariakoo, na kioo cha aina ile kina polaraizi ndani yake, ndiyo maana kinatoa jibu. Simu usiiamini sana, kuna simu zimetengenezwa zisizimike machoni mwa mwenye miwani. Njia nyingine ni kuchukua miwani mbili, lenzi ya moja mbele ya lenzi ya nyingine, kisha uzungushe moja robo mzunguko. Zikiwa za kweli zote mbili, katikati panakuwa peusi tititi.

Majini, miwani ya elfu ishirini na tano ilinishangaza kwa uzuri. Kaskazi ilikuwa imeshatulia, maji ya nje ya Mbudya yako wazi kabisa, na asubuhi ya kwanza niliona mpaka wa mchanga na majani kama umechorwa kwa chaki. (Nasema nje ya Mbudya kwa makusudi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, hakuna kuvua ndani. Anayetaka kubishana abishane na doria.) Kwenye mpaka ule wa mchanga na majani ndipo changu wanapopita maji yakianza kujaa, na ukiuona unajua chambo kiangukie wapi. Bila miwani unaona bati tu linalometameta.

Kilichoiua ni joto. Lenzi hizi za bei ya chini huwa ni tabaka nyembamba zilizogundishwa: katikati karatasi ya polaraizi, juu na chini plastiki laini inayoitwa TAC. Gundi haipendi jua la dashibodi, wala chumvi inayoingia ukingoni. Kwanza nikaona ukungu mweupe kwenye kona ya chini ya lenzi ya kushoto, upana wa punje ya mchele. Nikadhani ni mafuta. Nikafuta, haukutoka. Ukasambaa ukifuata ukingo, kisha vikaja vipovu, na kabla kusi haijaingia lenzi ilikuwa inaonyesha boti mbili pale penye boti moja. Kichwa kikawa kinauma kila nikirudi nchi kavu. Hilo la kichwa lichukulie kwa uzito. Lenzi isiyonyooka humchosha mtu saa nne za baharini kabla hajajua anachoshwa na nini.

Hukumu yangu kwake: kama unaenda kuvua mara moja kwa mwezi na hujawahi kuvaa polaraizi, nunua, jifunze kusoma maji, ukubali itakufa. Ila hakikisha imeandikwa UV400, alama ya kuzuia mionzi ya jua inayodhuru macho, na hilo ndilo gumu kwa miwani ya mezani, kwa sababu stika ni stika. Lenzi yenye giza isiyozuia mionzi ya UV ni mbaya kuliko kutokuvaa kitu: mboni inapanuka kwa sababu ya giza, mionzi inaingia kwa wingi zaidi. Maduka ya miwani yana kifaa kidogo cha kupima UV, unaweka lenzi juu yake, sekunde chache kinakupa jibu. Mimi ile ya Kariakoo niliipeleka ikapimwa, ikapita. Ya mwenzangu aliyenunua meza ya jirani ikafeli.

Ya pili, ile ya laki na arobaini, ndiyo ninayoivaa hadi leo. Jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya fedha kwenye mkono wa kulia, jasho na krimu ya jua vikalifuta, kwa hiyo sina wa kumtangazia biashara. Lenzi ni polikaboneti, rangi ya shaba, na ndani ya mkono wa kushoto kumechongwa namba 3. Namba hiyo itafute kwenye kila miwani. Inaanzia 0 hadi 4 na inasema lenzi inaingiza mwanga kiasi gani. Namba 3 huingiza asilimia 8 hadi 18, na ndiyo ya mvuvi wa mchana. Namba 4 huingiza asilimia 3 hadi 8, ni ya theluji na milima mirefu, na hairuhusiwi kuendeshea gari. Namba 2, asilimia 18 hadi 43, inamfaa anayevua alfajiri au siku ya mawingu ya masika.

Rangi ndiyo habari kubwa. Watu wa Dar wanapenda nyeusi kwa sababu inapendeza, na wengine wanapenda ile ya kung'aa bluu kwa sababu wameiona kwenye picha za wazungu wa marlin. Shaba na kahawia hupunguza ubluu. Maji ya kina cha mita moja hadi nne yamejaa ubluu unaofunika kila kitu, kwa hiyo ukiupunguza, mchanga unakuwa mweupe zaidi, majani yanakuwa meusi zaidi, na kitu chochote kinachotembea juu ya mpaka wao kinajitokeza. Taa aliyejifukia mchangani nilikuwa namwona baada ya kumkaribia na kumshtua. Kwa shaba namwona macho yake mawili na mstari wa ubavu tukiwa bado mbali, na mara nyingi nyuma ya taa anayetembea kuna kolekole anayefuata makombo. Kijivu huacha rangi zote kama zilivyo. Ni nzuri kwa macho kutochoka, lakini mwambani haikusaidii kutofautisha. Njano niliijaribu ya rafiki, saa kumi na mbili asubuhi ni raha tupu, saa nne unatafuta kofia.

Umbo la fremu ndilo lililonifanya nilipe. Kwenye lile duka la mjini niliivaa nikaomba nitoke nje mlangoni, nikasimama jua likiwa nyuma yangu. Fremu za mtindo, bapa, huacha pengo pembeni na chini, mwanga unaingia kwa nyuma, unagonga ndani ya lenzi, unaona jicho lako mwenyewe na nusu ya sikio. Baharini pengo hilo ni baya mara mbili kwa sababu mwanga unatoka na chini pia, majini. Hii imeziba pembeni, na chini inakaa karibu na shavu bila kuligusa. Ikigusa shavu utaijua ukicheka: inapanda, na baada ya hapo ukungu. Daraja la puani ndiko fremu nyingi kutoka nje hunikosea. Pua zetu wengi ni pana kuliko pua waliyoipimia, miwani inakaa juu, inateleza kila ukiinama kwenye injini. Tafuta yenye raba puani na kwenye mikono, au iliyoandikwa kuwa ni ya daraja la puani la chini. Ikikaa vizuri mdomo ukiwa umefunguliwa na kichwa kimeinamishwa, hiyo ni yako.

Kuhusu polikaboneti, kuna siku ilijilipa. Kolekole wa kilo tatu hivi alikuwa ubavuni mwa boti, mwenzangu ameshika fimbo imejikunja, mimi nimeinama na neti. Samaki akatikisa kichwa, chambo bandia kikachomoka, fimbo ikajinyosha. Chambo cha gramu 40 chenye ndoana mbili za miguu mitatu kilinigonga kwenye lenzi ya kulia. Nilisikia tu "ta!" Lenzi ilibaki na alama nyeupe ndogo upande wa nje, chini, mahali ambapo jicho halitazami. Bado ipo. Kila mwenye duka akiniambia lenzi ya kioo ina uangavu zaidi namkubalia, kisha namwonyesha alama ile.

Uangavu wa kioo ni kweli tupu, nisiufiche. Costa niliyoletewa ni ile wanayoiita 580G, herufi G ikiwa ni ya kioo. Ipo na 580P ya polikaboneti, nyepesi na rahisi zaidi. Kampuni ilianzia Florida mwaka 1983, miwani zake ni za wavuvi tangu mwanzo, na namba 580 inatokana na urefu wa wimbi la mwanga wa njano, nanomita 580, ambao lenzi imetengenezwa kuuchuja ili rangi nyingine zisimame. Ukiivaa mara ya kwanza unacheka. Ukingo wa kila wimbi uko peke yake. Mshipi mwembamba nisiouona kwa miwani nyingine nauona ukiingia majini. Kioo hakikwaruziki ovyo, na kile king'avu cha bluu kimefungiwa ndani kati ya matabaka mawili ya kioo, kwa hiyo hakibanduki kama kile kinachopakwa juu.

Shemeji aliichagua ya bluu kwa sababu alijua naenda Fungu Kizimkazi, ambalo ramani za Kiingereza huliita Latham. Ni kisiwa kidogo cha ndege, kama kilomita 70 mashariki ya Dar, na bahari yake inashuka ghafla. Huko ndiko kwa jodari, nguru na nduaro, na huko lenzi ya bluu, ambayo chini yake ni kijivu na inaingiza mwanga kama asilimia 10 tu, ni mahali pake. Jua la saa sita baharini, hakuna kisiwa wala kivuli, unarambaza saa tano mfululizo ukitazama chambo vinne vinavyokata maji nyuma ya tezi. Macho yalirudi nchi kavu kama hayakwenda. Faulusi alipofuata chambo nilimwona rangi yake yote, kijani na dhahabu, kabla hajakimeza, na nilipata nafasi ya kumwambia kijana wa fimbo asivute.

Lakini kaivae hiyo hiyo saa moja asubuhi mwambani. Giza. Unaona vivuli vya majani na huwezi kusema lipi ni jani na kipi ni chewa. Na uzito wake unausikia. Kioo ni kizito kuliko plastiki, hilo halina ujanja, na ukiinama juu ya injini yenye mafuta inateleza kuelekea ncha ya pua. Bila kamba shingoni ningeshaipoteza, nayo ikianguka majini haielei. Kamba weka hata kwenye ya elfu kumi. Za sponji zinazoelea zinauzwa, ila jaribu kwanza kwenye ndoo kama inabeba uzito wa miwani yako. Iliyobeba ya plastiki ilizama na ya kioo.

Kuna mambo mawili ambayo polaraizi zote, ghali na rahisi, zinakukosea. La kwanza ni kioo cha GPS na cha mashine ya kutafuta samaki. Vingine vinaonekana sawa, vingine vinafifia ukiinamisha kichwa, na simu yangu nikiisimamisha naisoma, nikiilaza inakuwa nyeusi. Kabla ya kufunga mashine mpya kwenye boti ya mteja siku hizi namwambia aje na miwani yake, tuisogeze mpaka aione akiwa ameshika usukani. La pili nilifundishwa na nahodha wangu, mzee wa Kunduchi aliyeanza na ngalawa kabla hatujajua faiba. Tulikuwa tunatafuta kundi la jodari, mimi nimekodoa.

"Fundi, vua hiyo miwani."

"Kwa nini, mzee?"

"Samaki yuko juu, wewe unatazama chini."

Alikuwa sahihi. Makunyanzi ya maji, yale yanayochemka kidogo pale kundi linapopanda, mbali kule yanaonekana kwa sababu ya mng'ao. Ukiuondoa mng'ao unaondoa na habari yake. Sasa nikitafuta mbali naiinua kipajini, nikishaona dalili naishusha. Kuinamisha kichwa upande kidogo nako kunasaidia, maana wimbi halilali bapa na mwanga wake haulali bapa. Cheza na shingo mpaka maji yafunguke.

Nahodha huyo huyo kwa miaka yote alikuwa anasema miwani ni ya watalii. Jicho lake la kulia lina kile kinyama kinachoota upande wa pua na kutambaa kuelekea kwenye mboni, ambacho ukitembea Feri au Kunduchi utakiona kwa wazee wengi wa baharini. Madaktari wanakihusisha na mionzi ya jua ya miaka mingi, upepo na vumbi vikichochea. Kilitolewa kwa upasuaji, kikarudi, na kurudi ni tabia yake. Kwa hiyo kwa vijana wanaoanza leo mimi sitangulizi habari ya kuona samaki. Natanguliza UV, hata kama lenzi haina polaraizi kabisa. Polikaboneti yenyewe kwa asili huzuia sehemu kubwa ya UV, ndiyo sababu nyingine ya kuipenda.

Wa umri wangu, sikilizeni hili. Polaraizi itakuonyesha kolekole mita tano mbele, kisha mshipi ukikatika huwezi kufunga fundo kwa sababu huoni tundu la ndoana. Kuna miwani ya polaraizi yenye kidirisha cha kusomea chini ya lenzi, bei yake huruka. Kuna vipande laini vya kubandika ndani ya lenzi kwa maji, vya elfu chache. Nimebandika cha nguvu namba mbili ya kusomea kwenye ile ya shaba, kona ya chini ya lenzi ya kulia tu, kwa sababu kushoto nataka niendelee kuona ninapokanyaga. Vinakaa. Wenye miwani ya namba ya kuonea mbali watafute kifuniko cha polaraizi kinachovaliwa juu ya miwani yao. Hakipendezi, kinafanya kazi, na kinaziba pembeni kuliko fremu nyingi za bei mbaya.

Utunzaji ni maji yasiyo na chumvi tu. Chumvi ikikaukia kwenye lenzi ni punje za kukwaruza, na fulana ndiyo msasa wenyewe. Nabeba chupa ndogo ya maji ya bomba, namwagia kwanza, nakung'uta, kisha ndiyo kitambaa. Petroli na lenzi ya plastiki havikai pamoja, wala vidole vyenye krimu ya jua. Na isilale kwenye dashibodi. Ile ya Kariakoo ilifia hapo.

Kwa wanaouliza kwa simu kama Costa ina thamani ya pesa yake: kama wewe ni nahodha wa boti za wageni, au unatoka bahari kuu kila wiki, ndiyo, na chukua ya kioo. Kama uvuvi wako ni wa mwambani na jioni unarudi na changu wa kula nyumbani, hiyo pesa ni nusu ya matengenezo makubwa ya injini ya nguvu za farasi 40, na najua injini yako inadai nini. Masika maji yakiwa tope la mito, hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokuonyesha kitu, usiipeleke dukani ukasema imeharibika.

Shemeji anakuja tena Desemba na nimeshamtumia oda: 580P, lenzi ya shaba yenye kijani juu, fremu pana ya pua, na kasha gumu. Ile ya kioo inabaki botini kwa safari za Fungu Kizimkazi. Nahodha akiwa kwenye usukani anaivaa yeye, mimi navaa ya shaba, na hajaniuliza tena bei.